Butura na Soko la London: Historia ya Kuuza Kahawa Kabla ya Mavuno



Kila mwaka kabrasha hili la harambee hubeba makala moja ya historia. Mwaka huu nimeombwa niandike kuhusu kahawa. Kahawa yetu ina mengi, nami kwa kuwa kazi yangu ni hesabu nimechukua kipande kimoja tu: historia ya kuuza mazao kabla hayajavunwa. Nyumbani jambo hilo tunalijua kwa jina la butura. Huko London na New York wanalifanya pia, lakini wao wana soko, sheria na daftari la wazi. Nataka tuone tofauti iko wapi, maana ndani ya tofauti hiyo ndimo zinamopotelea fedha za wazazi wetu kila msimu.

Kahawa kabla ya mzani

Wahaya walikuwa na kahawa kabla Mjerumani hajafika. Amwani ilichemshwa pamoja na majani ya harufu nzuri, ikakaushwa, ikatafunwa. Mgeni alikaribishwa kwa kahawa, na waliofanya udugu wa kuchanjiana walitafuna pamoja. Kupanda hakukuwa kwa kila mtu. Watawala walikuwa na neno juu ya nani apande. Kahawa ilikuwa heshima kwanza, biashara baadaye.

Mambo yaligeuka haraka. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na meli za ziwani zikaunganisha Bukoba na reli hiyo. Tangu hapo gunia la kahawa la Kanyigo au Kamachumu liliweza kufika Ulaya, na bei ya Ulaya nayo ikaweza kufika Kanyigo na Kamachumu. Kahawa ikaingia katika kila kibanja, chini ya migomba, na nyumba za bati, ada za shule na mahari vikaanza kuhesabiwa kwa magunia.

Lakini mkulima hakupewa nafasi ya kuijua bei hiyo ilikotoka. Aliambiwa tu imepanda au imeshuka. Miaka ya 1930, dunia ilipoanguka kiuchumi, bei ilianguka pia, na mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walipinga kwa nguvu masharti ya serikali ya kikoloni juu ya kahawa yao. Kilimanjaro walikuwa wameanzisha KNCU tangu mwaka 1933. Sisi tulipata chama kikuu chetu mwaka 1950, BNCU, ambacho baadaye wengi tulikijua kwa jina la BCU. Kwa mara ya kwanza Mhaya alikaa upande wa pili wa mzani.

Osaka, Chicago, New York

Sasa tutoke Kagera kwa muda, twende mahali ambapo soko la mazao ya mbele lilizaliwa.

Japani, katika mji wa Osaka, mabwana wa majimbo walipokea kodi yao kwa mchele. Mchele uliwekwa ghalani na wenye maghala wakatoa stakabadhi. Wafanyabiashara wakaanza kuuziana zile stakabadhi, kisha wakaanza kuuziana hata mchele wa msimu ujao, bila punje moja kubebwa. Mwaka 1730 serikali ya Shoguni ililitambua rasmi soko hilo la Dojima. Wanahistoria wengi hulihesabu kuwa soko la kwanza la mikataba ya mbele lenye mpangilio.

Marekani walifika hapo kwa njia ya ngano na mahindi. Wakulima wote walivuna wakati mmoja, wakafika Chicago wakati mmoja, bei ikaporomoka. Miezi michache baadaye ghala ni tupu na bei iko juu. Soko la Chicago lilianzishwa mwaka 1848, na watu wakaanza kuandikiana: nitakuletea kiasi fulani mwezi fulani kwa bei tunayokubaliana leo. Tatizo lilikuwa uaminifu. Bei ikipanda, muuzaji anaikimbia ahadi. Ikishuka, mnunuzi ndiye anayekimbia. Ndiyo maana mwaka 1865 soko liliweka kanuni: kiasi kinachofanana, daraja linalofanana, mwezi unaojulikana, na kila upande uweke dhamana ya fedha.

Kahawa ilifuata. Miaka ya 1880 na 1881 kundi la wafanyabiashara wakubwa waliojaribu kuishika bei ya kahawa New York lilianguka, na wengi wakafilisika nalo. Waliobaki walianzisha Soko la Kahawa la New York mwaka 1882, ili bei ijadiliwe hadharani badala ya kupangwa chumbani. Leo bei ya arabika duniani hutazamwa New York, na bei ya robusta hutazamwa London. Kahawa yetu ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta. Kwa hiyo, tupende tusipende, saa ya ukutani ya kibanja chetu inafuata majira ya London.

Mkataba mmoja una nini ndani yake

Vijana wetu mjini huita mikataba hii fyucha. Tuufungue mmoja tuone.

Mkataba mmoja wa robusta wa London ni tani 10 za kahawa safi, yaani iliyokobolewa. Bei yake hutajwa kwa dola kwa tani. Mwezi wa kukabidhi ni kati ya Januari, Machi, Mei, Julai, Septemba na Novemba. Ubora umeandikwa. Kwa hiyo wanaouziana wanabishania kitu kimoja tu: bei.

Kati ya muuzaji na mnunuzi inakaa ofisi ya kati ya malipo. Mimi sikudai wewe, wala wewe hunidai mimi. Sote tunadaiana na ofisi hiyo. Kila mmoja huweka dhamana, ambayo ni sehemu ndogo ya thamani ya mkataba. Kila jioni hesabu inafungwa: bei ikipanda dola 50 kwa tani, aliyeuza anatozwa dola 500 kwa kila mkataba, na aliyenunua anaongezewa dola 500. Dhamana ikipungua, unapigiwa simu uongeze. Usipoongeza, mkataba wako unafungwa na hasara ni yako. Ndivyo walivyotatua lile tatizo la watu kuikimbia ahadi: deni halilali.

Tena, si lazima ungoje mwezi wa makabidhiano. Aliyeuza leo anaweza kununua mkataba kama huo kesho, akatoka. Karibu mikataba yote huishia hivyo, bila gunia kusogea.

Watu wa aina mbili hukutana sokoni humo. Wa kwanza ana kahawa au anaihitaji, naye anataka kujikinga: mwenye ghala anaogopa bei kushuka, mwenye kiwanda anaogopa bei kupanda. Wa pili hana kahawa wala haihitaji. Anabashiri bei kwa kutafuta faida. Wa pili tunaweza kumlaumu, lakini bila yeye wa kwanza angekosa wa kumpokea mzigo wa hofu yake.

Miaka minne ya kukumbuka

Mwenye kutaka kujua kwa nini mambo haya yanatuhusu na aangalie miaka minne.

Wa kwanza ni 1977. Julai 1975 barafu iliiangukia Brazil na kuteketeza mibuni ya jimbo la Paraná. Mavuno yalipopungua, bei duniani ikapanda hadi kupita dola 3 kwa ratili mwaka 1977. Kwetu vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, na kahawa ikawekwa mikononi mwa mamlaka ya serikali. Bei ilipopanda kuliko wakati wowote, mkulima hakuwa na chama chake cha kuuliza sehemu yake ni ipi.

Wa pili ni 1989. Tangu miaka ya 1960 nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilikuwa na mkataba wa kimataifa uliogawa mafungu, kila nchi kiasi chake, ili bei isianguke. Julai 1989 mafungu hayo yaliachwa. Kahawa iliyokuwa imehifadhiwa ikamwagika sokoni na bei ikaporomoka karibu nusu. Wengi wetu tulikuwa watoto wakati huo. Tunakumbuka ada zilivyochelewa, ila hatukuwa tunajua sababu.

Wa tatu ni 2001. Vietnam ilikuwa imepanda robusta kwa wingi mno. Bei ya London ilishuka chini ya dola 500 kwa tani. Nyumbani mnyauko ulikuwa unaua mibuni tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na biashara ilikuwa imeachiwa huru tangu msimu wa 1994/95. Wako waliong'oa mibuni wakapanda maharage na mahindi. Huwezi kuwalaumu.

Wa nne ni 2024. Ukame Vietnam, hofu Brazil, meli kuzunguka njia ndefu. Robusta ilipita dola 5,000 kwa tani London. Kutoka chini ya 500 hadi zaidi ya 5,000, kwa kahawa ileile na jembe lilelile.

Katika miaka yote minne, hakuna hata mara moja bei ilipoamuliwa na kitu kilichotokea Kagera.

Butura kwenye daftari

Sasa turudi nyumbani. Januari inafika, mtoto anatakiwa shule: sare, godoro, nauli, michango. Au kuna mgonjwa, au msiba. Kahawa iko mtini, bado mbichi, mavuno ni Mei. Anakuja mtu mwenye fedha mfukoni. Wanatazama mibuni, wanakadiria magunia, wanakubaliana. Fedha inatolewa leo. Kahawa itachukuliwa msimu ukifika. Hiyo ndiyo butura. Serikali imeikataza mara nyingi, viongozi wameihutubia kwa ukali, nayo haijaisha. Ndugu zetu wa Mtwara na Lindi wana kangomba yao kwenye korosho, na kilio chao kinafanana na chetu.

Nitaweka mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Chukulia Ma mmoja anauza gunia la kahawa ya maganda mwezi Februari kwa shilingi 100,000. Julai gunia hilo linauzwa mnadani na mkulima angepata 250,000. Amelipa shilingi 150,000 kwa kutumia shilingi 100,000 kwa miezi 5. Ni sawa na riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Hakuna benki inayothubutu kuandika riba hiyo ukutani. Lakini kwa kuwa haikuitwa riba, hakuna aliyeihesabu.

Tuilinganishe na mkataba wa London.

London, bei inaonekana na kila mtu. Kwenye butura bei wanaijua wawili, na mmoja wao ana mtoto aliyesimamishwa getini.

London, kiasi na ubora vimeandikwa. Kwenye butura gunia linaweza kuwa la lumbesa, na ubishi ukitokea wa kuamua ni mwenye nguvu.

London, unaweza kutoka kabla ya siku. Kwenye butura hakuna mlango wa kutokea. Hata ukipata fedha Machi, mwenzako hataki fedha, anataka kahawa.

London, pande zote mbili zimeweka dhamana. Kwenye butura dhamana ni ya upande mmoja, ni mibuni, na mara nyingine kibanja chenyewe.

Na kubwa kuliko yote: yule anayejikinga London anauza hofu ya bei kushuka. Anayeuza butura anauza njaa ya leo. Mambo mawili tofauti yamefungwa katika kifurushi kimoja, mkopo na bei, na kwa kuwa anahitaji mkopo, bei anapewa yoyote.

Tuwe waadilifu pia. Mnunuzi wa butura naye anabeba hatari. Kama angenunua kabla ya bei kuanguka, kama ilivyoanguka kuelekea 2001, angepata hasara na mkulima angekuwa ameokoka. Na huja na fedha siku ambayo hakuna mwingine anayekuja. Ndiyo sababu amri peke yake haijaiua butura. Ukimwondoa mnunuzi bila kuleta fedha ya Januari, umemwacha mzazi mikono mitupu, naye atamtafuta mnunuzi usiku, au kahawa itavushwa kwa magendo kuelekea Uganda.

Je, chama cha msingi kinaweza kwenda London?

Swali hili nimeulizwa na wasomi wetu zaidi ya mara moja, hivyo nalijibu kwa hesabu.

Tani 10 za kahawa safi zinatokana na takriban tani 20 za maganda, kwa makadirio ya nusu kwa nusu. Kama kaya moja inavuna kilo 200 za maganda, unahitaji kaya 100 kujaza mkataba mmoja. Kwa chama cha msingi hilo linawezekana. Kwa mtu mmoja mmoja haliwezekani.

Lakini kujaza mkataba si mwisho. Chukulia chama kimeuza mkataba mmoja kwa dola 4,000 kwa tani, kahawa ikiwa mtini. Bei ikipanda dola 500, chama kinatakiwa kulipa dola 5,000 taslimu, sasa, wakati hakuna hata gunia lililouzwa. Kitazirudisha kahawa ikiuzwa kwa bei ya juu, lakini Julai ni mbali. Bei zilipopaa mwaka 2024, hata makampuni makubwa ya kahawa Brazil yalibanwa na madai ya aina hii. Zaidi ya hapo, London ni dola na sisi ni shilingi. London ni bei ya bandarini kwao na sisi kuna ukoboaji, usafiri na tozo katikati. Bei ya mnada wetu na bei ya London huenda njia moja, lakini hazishikani mikono kila siku.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kazi ya London ni ya chama kikuu au benki yenye mtaji na watu waliosomea. Sisi wa chini tunachohitaji ni kuijua bei ile na kuwa na hatua za kati. Hatua hizo zipo. Sheria ya stakabadhi ghalani ilipitishwa mwaka 2005: kahawa ikiwa ghalani, ile karatasi ni mali, ni kama walivyofanya Osaka. Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, lilizinduliwa mwaka 2015, na minada yake inaonyesha bei kwa wote. Lile si soko la mbele. Linauza mzigo uliopo kwa malipo ya sasa. Hata hivyo bei ya wazi ndiyo jiwe la kwanza la msingi, na Chicago nayo ilianza na jiwe hilo.

Neno kwa vijana wenye simu

Wapo vijana wetu wanaoletewa programu za kufanya biashara ya fyucha za kahawa, dhahabu na mafuta kwenye simu. Kujifunza si vibaya. Ila jueni kwamba pale mtu anaingia kama mbashiri, si kama mkulima. Ukiweka dhamana ya dola 1,000 kushika mkataba wa dola 10,000, bei ikisogea asilimia 10 tu kinyume chako, dhamana yote imekwisha. Kahawa husogea hivyo ndani ya wiki moja au mbili bila mtu kushangaa. Anayewaahidi faida ya kila mwezi mwulizeni leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na msitume hata senti kabla hamjaiona.

Tunachoombwa mwaka huu

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kahawa yetu imepotea hivyo kwa miaka mingi: gunia kwa gunia, Januari hadi Aprili, katika makubaliano yasiyoandikwa.

Butura ni mkopo uliofungwa pamoja na bei. Dawa yake ni kuvitenganisha. Mkopo utoke mahali pengine, kahawa ibaki ya mkulima hadi ifike ghalani, na bei iamuliwe mnadani. Hiyo ndiyo hoja ya mfuko wa Januari ambayo sehemu ya michango ya harambee hii inaombewa. Mzazi atakopa kupitia chama chake cha msingi kiasi kisichozidi sehemu ya kahawa anayotarajia, riba ikiwa imeandikwa wazi, na deni litakatwa kahawa ikilipwa. Bei ikiwa nzuri, ziada ni yake. Bei ikiwa mbaya, anadaiwa kiasi kilekile alichokopa pamoja na riba iliyoandikwa, mti haukuuzwa.

Hatari ipo, nami kama mhasibu sitaificha. Bei ikianguka kama 2001, baadhi ya mikopo itachelewa. Ndiyo maana napendekeza mikopo isizidi theluthi ya mavuno ya wastani ya kaya, hesabu ikaguliwe na mtu wa nje, na taarifa isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji na ibandikwe ukutani pamoja na bei ya mnada ya wiki hiyo.

Ninyi mlioko mijini, wengi wenu mlisomeshwa na kahawa. Kuna watoto wanaosomeshwa nayo leo, na Januari ijayo atakuja tena yule mtu mwenye fedha mfukoni kutazama mibuni. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Jazeni kiasi mnachoweza, na mkifika nyumbani mwezi Desemba ombeni kuonyeshwa daftari.